Gauni la Saba kutoka Kiolezo Kimoja

Jumapili iliyopita jioni nilimaliza kushona gauni langu la saba kutoka kiolezo kilekile, yaani karatasi zilezile za kukatia nguo, na nimeona niandike mapema kabla sijasahau niliyojifunza safari hii, kwa sababu kila ninapovaa mojawapo ya magauni haya huulizwa na wenzangu kazini, na mara moja hata na abiria niliyekaa naye kwenye basi la mwendokasi, kwamba fundi wangu ni nani. Fundi ni mimi mwenyewe. Ninashona nyumbani Kimara, Dar es Salaam, juu ya meza ya kulia chakula, kwa cherehani cha umeme ambacho hakijui kazi nyingi zaidi ya mshono ulionyooka na mshono wa zigizaga. Magauni yananikaa vizuri kwa sababu kiolezo na kitambaa vimekwisha kuzoeana, nami nimechukua miaka mingi kujifunza kutoviingilia.

Kiolezo chenyewe kilitokana na nguo ya mtumba. Mwaka 2016, mwaka ambao mabasi ya mwendokasi yalianza kupita kwenye barabara yetu, nilinunua katika soko la Karume pale Ilala gauni la kitambaa cha kuvutika, rangi ya kahawia, mikono ya kufika kwenye viwiko, lisilo na zipu wala kifungo. Nilipolivaa nyumbani kwa mara ya kwanza nilijiona nimepata nguo iliyokatwa kwa ajili yangu: lilishika mabegani, likapita kiunoni bila kubana, kisha likafunguka taratibu kuanzia nyongani hadi chini ya magoti. Nililivaa hadi likachakaa makwapani na kitambaa kikawa chepesi kama chachi. Siku niliyotaka kulifanya kuwa dekio, shangazi yangu wa Magomeni, ambaye amewashonea watu kwa miaka mingi kwa cherehani cheusi cha kukanyaga, alinizuia. Aliniambia, "Mwanangu, nguo inayokupenda haitupwi. Lifumue, utajua limeshonwaje."

Nililifumua kwa wembe kwa jioni mbili, uzi mmoja baada ya mwingine, huku nikiandika kwa chaki upande wa ndani wa kila kipande kama ni mbele au nyuma, kushoto au kulia. Vilitoka vipande vitano: mbele, nyuma, mikono miwili, na utepe mwembamba wa shingo. Nilishangaa kuona kwamba nguo iliyokuwa imekaa vile ilikuwa na vipande vichache kiasi hicho. Ndani ya mshono wa mabega nilikuta ukanda mwembamba wa plastiki inayopitisha mwanga, umeshonewa humo kutoka shingoni hadi mwanzo wa mkono. Wakati huo sikujua kazi yake, nikautupa, na baadaye nitaeleza ulivyonigharimu.

Vipande vile nilivipiga pasi, nikavilaza juu ya karatasi ya kaki, nikachora kwa kufuata kingo zake na kuacha sentimita moja ya mshono kuzunguka. Mbele na nyuma nilichora nusu tu, kwa kuwa hukatwa kwenye kunjo la kitambaa. Baada ya magauni mawili karatasi ya kaki ilianza kuchanika kwenye mviringo wa kwapa, ndipo nilipohamishia mchoro wote kwenye kalenda za ukutani za miaka iliyopita, ambazo karatasi yake ni nzito na upande wa nyuma ni mweupe. Hadi leo ukikigeuza kiolezo changu cha mbele utaona picha ya mbuga ya wanyama na miezi ya mwaka uliokwisha, na upande wa pili utaona maandishi yangu ya miaka yote: "punguza kiunoni sentimita 1", "bega la kulia liko chini kidogo", "shingo usichimbe tena". Bega langu la kulia liko chini kwa sababu tangu sekondari nimebeba mkoba upande huohuo, na hakuna duka la nguo linaloweza kulijua jambo hilo. Kiolezo kinalijua.

Sasa niseme kuhusu kitambaa, maana hapa ndipo wengi wanaojua kushona vizuri kabisa hukata tamaa. Sisi wa Dar es Salaam tumelelewa katika khanga na kitenge. Kila siku nikienda kazini napita Ubungo jirani na kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968, na nguo zilizotoka kule ndizo zilizowafundisha mama na shangazi zetu kukata na kushona. Khanga na kitenge hufumwa kwa nyuzi za mtande zinazokwenda urefu na nyuzi za mshindio zinazokatiza upana, zikashikana kama ukili wa mkeka. Vuta khanga kwa urefu au kwa upana, haitoi kitu. Itatoa kidogo tu ukiivuta kwa mshazari. Kwa hiyo gauni la kitenge linahitaji zipu ili liingie mwilini, na linahitaji mikunjo midogo ya kubana kifuani na kiunoni ili lifuate umbo. Kitambaa cha kuvutika, ambacho wauzaji wengi hukiita cha fulana, hufumwa kwa vitanzi kama sweta. Kila kitanzi kimepita ndani ya mwenzake, na ukikivuta kitambaa, vitanzi hujinyoosha na kubadili umbo, kisha hujirudia ukikiachia. Ndiyo maana gauni lile la kahawia lilihitaji vipande vitano tu: kazi ambayo kwenye kitenge hufanywa na zipu na mikunjo, hapa hufanywa na vitanzi.

Kitambaa hiki pia huitwa jezi, na neno hili tunalolitamka kila Simba na Yanga wanapocheza lina safari ndefu, kwa kuwa asili yake ni kisiwa cha Jersey, kilichoko kati ya Uingereza na Ufaransa, ambako watu walisifika kwa kufuma nguo za sufu. Kwa muda mrefu jezi ilitumika zaidi kwa nguo za ndani za wanaume na nguo za kazi. Mfaransa Gabrielle Chanel ndiye aliyeitoa huko, pale alipoanza, mnamo mwaka 1916, kushonea kitambaa hicho mavazi ya wanawake waliokuwa wamechoka kubanwa na nguo ngumu. Nami nikiwa nimesimama kwenye basi la saa kumi na moja jioni, mkono mmoja juu nikishikilia bomba, huwa nashukuru kwamba kuna mtu aliyefikiri kwamba mwanamke aliyevaa vizuri anastahili pia kuinua mkono.

Kitambaa cha gauni la saba nilikifuata Kariakoo. Nilishuka kituo cha Msimbazi Polisi asubuhi, kabla jua halijawa kali, nikavuka kuelekea maduka ya vitambaa. Mtaa wa Uhuru una khanga na vitenge vya kila namna, lakini vya kuvutika mara nyingi huvikuta katika mitaa ya ndani, vimelazwa kwenye marobota nyuma ya vitambaa vya mashuka, na ni lazima uulize. Nilikuwa na mambo manne ya kukagua, na sikuona haya kuyakagua mbele ya muuzaji. Kwanza nilikunja kitambaa, nikashika sentimita kumi kwa upana, nikavuta polepole kwenye rula: ilifika kumi na tano, maana yake kinavutika kwa nusu ya upana wake, na kiolezo changu kinahitaji hivyo. Pili, na hili ni kubwa kuliko la kwanza, nilikiachia na kutazama kama kinarudi kwenye kumi. Pamba tupu huvutika ikachelewa kurudi, ndiyo sababu gauni la pamba tupu huota magoti na makalio ifikapo saa saba mchana. Pamba iliyochanganywa na asilimia tano ya laikra hurudi papo hapo. Laikra ni uzi uliobuniwa nchini Marekani katika kampuni ya DuPont mwaka 1958, na uchache wake ndani ya kitambaa usikudanganye, kwa kuwa ndio unaobeba kazi yote ya kurudi. Tatu nilikinyanyua dhidi ya mwanga kuona kama kitaonyesha. Nne niliomba uzi mmoja wa pembeni nikauchoma kwa kiberiti.

Jambo hili la kuchoma uzi nilijifunza kwa hasara. Gauni langu la nne nililinunulia kitambaa ambacho niliambiwa kwa kiapo kwamba ni pamba tupu. Kilikuwa laini, kilining'inia vizuri, rangi yake ya maziwa ilinivutia, nami nikakiamini. Nililivaa siku moja ya mwezi wa Februari, na wanaoijua Februari ya Dar es Salaam hawahitaji maelezo: jasho halikupata pa kwenda, kitambaa kikanishika mgongoni kutwa nzima, na nilipofika nyumbani nilichoma uzi wake juu ya sinki. Uliyeyuka, ukajikunja, ukaacha kidonge cheusi kigumu, ndiyo tabia ya poliesta. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi, na huacha majivu yanayopukutika ukiyagusa. Uzi wa safari hii uliungua kama karatasi na kuacha chembe ndogo tu ngumu kwenye ncha, nikajua ni pamba na laikra kidogo. Rangi yake ni bluu ya wino.

Muuzaji alikuwa akiuza kwa kilo na si kwa mita, na kwa mgeni wa kitambaa hiki jambo hilo huleta mashaka, lakini hesabu yake ni nyepesi. Upana ulikuwa mita 1.8, na uzito, kwa maandishi yaliyokuwa kwenye robota, ulikuwa gramu 220 kwa mita ya mraba. Ukizidisha unapata kwamba kila mita ya urefu ina gramu 396, takribani gramu 400, kwa hiyo kilo moja ni mita mbili na nusu. Kwa upana huo gauni langu linahitaji mita moja na nusu, yaani gramu 600. Nilichukua gramu 800, kwa sababu kitambaa cha pamba hakijawa chako mpaka kimeingia majini.

Nilikiloweka usiku huohuo, nikakifua kama nitakavyolifua gauni, nikakianika kivulini kikiwa kimelazwa juu ya kamba tatu badala ya moja, kwa kuwa kikining'inia kwenye kamba moja uzito wa maji hukirefusha. Kabla ya kufua nilikuwa nimeweka alama mbili za uzi zenye umbali wa sentimita 50 kwa urefu. Kilipokauka zilikuwa 47. Kwenye gauni la urefu wa sentimita 105 upungufu huo ni zaidi ya sentimita sita, na sentimita sita ndizo zinazotofautisha gauni la kuvaa ofisini na gauni la kushinda nalo ndani.

Kukata nilikata sakafuni. Meza yangu ni fupi, na kitambaa cha kuvutika kikining'inia pembeni mwa meza hujivuta kwa uzito wake chenyewe, ukikata unakata kilichovutika, na kikirudi kipande huwa kidogo kuliko kiolezo. Nilifagia, nikatandika shuka, nikalaza kitambaa na kukiacha kipumzike nusu saa. Kisha nilikisogelea karibu na dirisha kutafuta mistari ya vitanzi. Ukiinama vizuri utaona kwamba upande wa nje una safu za vitanzi vyenye umbo la herufi V, zimepangana moja juu ya nyingine kama nywele zilizosukwa twende kilioni, na upande wa ndani una vilima vidogo vilivyolala kwa upana. Safu hizo za V ndizo dira. Mshale niliouchora kwenye kiolezo lazima ulale sambamba nazo, la sivyo gauni likishafuliwa mishono ya ubavuni huzunguka na kuja mbele ya paja. Kama macho hayaoni vizuri, vuta ukingo uliokatwa kwa upana: utajikunja kuelekea upande wa nje, na hapo huwezi kukosea. Badala ya pini nilikandamiza kiolezo kwa makopo ya nyanya, kwa sababu pini hukinyanyua kitambaa hiki na kukikunja.

Sindano ni jambo dogo linaloweza kuiharibu kazi yote. Sindano ya kawaida ina ncha kali iliyotengenezwa kutoboa uzi, na kwenye khanga haina madhara, lakini kwenye jezi ikitoboa kitanzi hukikata, na kitanzi kilichokatwa huwaachia wenzake wa juu na wa chini. Hasara hiyo huioni siku ya kushona. Utaiona baada ya kufua mara mbili au tatu, vitundu vidogo vimejipanga kando ya mshono kana kwamba panya ameupitia. Sindano inayofaa ina ncha iliyoviringwa kidogo, nayo huvisukuma vitanzi pembeni na kupita katikati yake. Madukani uliza sindano za fulana, kisha soma pakiti mwenyewe. Za cherehani cha nyumbani zilizoandikwa SUK ndizo zenye ncha hiyo, na namba 80 inatosha kwa kitambaa cha uzito huu. Uzi uwe wa poliesta, maana uzi wa pamba hukatika mshono unapovutika. Mimi hushonea zigizaga nyembamba mno, upana nusu milimita na urefu milimita mbili na nusu, ambayo kwa macho huonekana kama mshono ulionyooka lakini ina nafasi ya kujinyoosha pamoja na kitambaa.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo ningetamani kila anayejaribu kitambaa hiki aambiwe kabla hajakanyaga cherehani: kitambaa cha kuvutika hakitaki kuvutwa. Gauni langu la pili nililishona nikiwa nimezoea kitenge, mkono mmoja mbele ya sindano na mwingine nyuma yake, nikikinyoosha kitambaa ili mshono utoke ulionyooka. Ulitoka umenyooka. Nilipolitoa gauni kwenye cherehani, pindo la chini lilikuwa limepinda na kupanda na kushuka kama ukingo wa jani la saladi, na hakuna pasi iliyoweza kulituliza, kwa sababu nilikuwa nimevivuta vitanzi kisha nikavifunga kwa uzi vikiwa katika hali hiyo. Nililipeleka Magomeni. Nilimwamkia shangazi, akaitikia, akaweka miwani, akalitazama pindo lile kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akaniketisha kwenye kiti chake, akaweka kipande cha fulana kuukuu chini ya sindano, akasimama nyuma yangu na kulaza viganja vyake juu ya viganja vyangu, vidole vikiwa vimenyooka na vimetulia juu ya kitambaa kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeanza kusinzia. "Usimvute, usimsukume," alisema. "Meno ya cherehani yanajua kutembea. Wewe mwonyeshe njia tu." Alikanyaga yeye. Nilihisi kitambaa kikisogea chenyewe chini ya vidole vyangu, taratibu, na mshono ukatoka umelala.

Safari hii nilianza na mabega. Ule ukanda wa plastiki nilioutupa ulikuwa ukizuia mabega yasivutike kwa uzito wa gauni, na nilielewa hivyo pale gauni langu la kwanza liliposhuka mabegani hadi mikono ikapita viwiko. Tangu hapo hutumia ukanda wa khanga kuukuu, upana wa sentimita moja, uliokatwa kwa urefu kufuata mtande. Khanga iliyofuliwa miaka mingi ni laini, haikwaruzi shingoni, na kwa upande wa mtande haitoi hata milimita. Huushonea ndani ya mshono wa bega, ukabaki humo bila kuonekana. Inanipendeza kujua kwamba kila gauni langu la jezi limebebwa mabegani na khanga.

Mikono huishonea gauni likiwa bado wazi ubavuni, ndipo mshono mmoja mrefu uanzie kwenye kiwiko, upite kwapani na kuteremka hadi chini. Hapo hapana la kusimulia. Ukikata vizuri mkono unaingia wenyewe.

Shingo ndiyo kazi ya mtihani, na ndiyo mahali pekee ambapo kuvuta kunaruhusiwa. Mzunguko wa shingo ya kiolezo changu ni sentimita 60, na utepe unaoizunguka haupaswi kuwa 60, kwa kuwa utasimama mbele na kuacha kifua wazi kila ukiinama. Mimi huukata sentimita 52 kabla ya mshono, nao ukishafungwa kuwa duara hulazimika kuvutwa kidogo ili uifikie shingo, na baada ya kushonwa huivuta shingo ndani na kuilaza kifuani. Duara la utepe hugawanywa sehemu nne sawa kwa alama za chaki, shingo nayo hugawanywa sehemu nne, alama zikakutanishwa, kisha utepe peke yake ndio huvutwa, na shingo ya chini huachwa ilale kama ilivyo. Mtu akivuta vyote viwili anarudi kwenye jani la saladi.

Nilikuwa nimefikia robo ya pili ya shingo umeme ulipokatika. Ilikuwa saa mbili usiku. Zamani ningeiacha kazi, lakini safari hii niliwasha taa ya kuchaji, nikachukua sindano ya mkono na kupiga bandi robo mbili zilizobaki, mishono mirefu ya uzi mweupe ambayo ningeifumua baadaye. Nashukuru kwamba umeme ulikatika, na nasema hivyo kwa dhati, kwa sababu shingo iliyopigwa bandi kwanza ilishoneka asubuhi yake kwa utulivu ambao sikuwahi kuupata katika magauni sita yaliyotangulia. Utepe haukuteleza hata mara moja. Nimekwisha kuandika kwenye kiolezo, pembeni mwa shingo, kwa kalamu nyekundu: "bandi kwanza".

Kabla ya kupinda chini, gauni lilikaa kwenye henga usiku kucha. Jezi ikining'inia hushuka, na haishuki sawasawa: pale ubavuni ambapo gauni limefunguka, kitambaa kimekatwa kwa mshazari na huteremka zaidi. Asubuhi nilikuta ubavu umeshuka karibu sentimita moja na nusu kuliko katikati, nikausawazisha kwa kupima kutoka sakafuni kwenda juu nikiwa nimelivaa, binti wa jirani akiweka alama za chaki. Pindo nililipiga kwa sindano pacha, ile yenye shina moja na sindano mbili, ambayo juu huacha mistari miwili iliyonyooka na chini uzi wa bobini hukatiza kati yake kwa zigizaga, kwa hiyo pindo huvutika bila kukatika. Atakayeijaribu akumbuke kuirudisha cherehani kwenye mshono ulionyooka kabla ya kuanza, kwa kuwa sindano hizo mbili zikienda kwa zigizaga zitagonga bati na kuvunjika. Pasi niliibandika na kuinyanyua, kubandika na kuinyanyua, juu ya kitambaa chenye unyevu. Kuiburuza pasi juu ya jezi ni kuivuta kwa njia nyingine.

Jumatatu nilivaa gauni kwenda kazini, na jioni nikateremkia Magomeni Mapipa kumwonyesha shangazi. Hakutazama rangi wala urefu. Alifunua shingo upande wa ndani, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akauvuta mara moja kwa nguvu kusikiliza kama uzi utalia, haukulia. Akageuza bega, akaona ukanda wa khanga, akaupapasa. Kisha akasema anataka la kwake.

Nilimpima palepale kwa futikamba yake mwenyewe. Kifua chake ni sentimita 112. Changu ni 96, na gauni langu likikamilika lina 92 tu, kwa sababu napenda linishike. Yeye hataki kushikwa, kwa hiyo la kwake litakuwa 112 kamili. Robo ya kiolezo changu ni sentimita 23, yake itakuwa 28, na hizo sentimita tano za nyongeza haziwezi kutiwa zote ubavuni, maana kwapa litakuwa pana mno na mkono utaning'inia kama wa kanzu. Mbili nitaziongeza kwa kukikata kiolezo kutoka katikati ya bega hadi chini na kukitanua, tatu zitakwenda ubavuni, na mkono nitaupanua sentimita tatu kila upande ili ulikute kwapa. Kiolezo chake kitakuwa chake, kwenye kalenda yake. Amekwisha kuitoa ukutani ingawa mwaka haujaisha. Amechagua zambarau iliyoiva. Nilikinunua kitambaa jana, nikachoma uzi, kikaacha majivu, na sasa kimelala juu ya kamba tatu kivulini, kikiwa na alama zake mbili za sentimita 50.